Masijala Iliyohamia Kiganjani

Tarehe 30 Oktoba 2025, siku moja baada ya Uchaguzi Mkuu, Serikali iliwaagiza watumishi wa umma wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao majukumu yao yaliwalazimu kuwapo vituoni. Wakati agizo hilo likitolewa, intaneti ilikuwa imekwisha kuzimwa nchini tangu siku iliyotangulia, na haikuanza kurejea hadi tarehe 3 Novemba. Sitajadili hapa yaliyotokea mitaani siku zile. Wapo waliozika, na jambo lenye uzito huo halistahili kupitiwa kwa aya moja ndani ya makala inayohusu jambo jingine. Ninalotaka kulitazama ni dogo zaidi, na pengine kwa udogo wake halikuulizwa na mtu: mtumishi aliyeambiwa afanyie kazi nyumbani alitarajiwa aifanye kwa chombo gani, kwa njia gani, na kwa barua pepe ipi?

Nimekaa na swali hilo tangu wakati huo. Kila nikilizungusha naona kwamba hata kama intaneti ingekuwapo, jibu la watumishi wengi ninaowafahamu lingekuwa lilelile: kwa simu yangu mwenyewe, kwa bando langu mwenyewe, kupitia kundi la WhatsApp la idara, na kwa ile Gmail niliyofunguliwa na kijana wa steshenari mwaka niliokuwa naomba kazi.

Ndugu msomaji, huenda ukadhani natia chumvi. Hapa Nyegezi sehemu kubwa ya wanafunzi wangu wa jioni ni watumishi wa umma. Wapo walimu, wauguzi, maafisa maendeleo ya jamii, maafisa uvuvi waliopita kampasi ya FETA hapa jirani, na maafisa wa halmashauri wanaotoka Misungwi, Magu, Sengerema na hata Ukerewe, ambao siku za ziwa kuchafuka hawaonekani darasani. Tukifika kwenye mada ya kumbukumbu za umma huwa nawauliza: nani ana anwani ya barua pepe inayoishia na go.tz? Mikono inainuka, chini ya nusu ya darasa. Nani ameifungua wiki hii? Inabaki ya kuhesabika kwa vidole, na mara zote ni ya watu wa TEHAMA au wa uhasibu. Huo si utafiti, na sitaki mtu aunukuu kama utafiti. Lakini nimeuliza hivyo kwa miaka kadhaa na jibu halijabadilika.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya Serikali hapa Mwanza, enzi za majalada ya kaki yaliyofungwa kwa kamba nyeupe. Nikiwa mtoto wa shule ya msingi niliiona kazi yake kuwa ya chini kuliko zote, kwa kuwa hakuwa na kiti cha kuzunguka wala kengele ya kumwitia tarishi. Sikujua kwamba hata mkuu wa ofisi hakuweza kuondoka na jalada bila kusaini daftari la baba. Kila barua iliyoingia iligongwa muhuri wa tarehe, ikapewa namba ya folio, ikatobolewa na kufungwa mahali pake. Agizo la mkubwa kwa mdogo liliandikwa kwa dokezo ndani ya jalada hilohilo, na chini yake jina, cheo na tarehe. Barua ya siri ilisafiri ndani ya bahasha mbili. Ya nje haikuonyesha kitu ila anwani, ya ndani iliandikwa SIRI na kubanwa kwa lakiri. Lakiri ikifika imevunjika, mpokeaji alijua kwamba kuna mkono uliomtangulia. Na baba alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia hata alipokwisha kustaafu: faili halilali nyumbani kwa mtu.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu watu wa kompyuta wametutisha bila sababu kwa misamiati yao. Mambo wanayotuhubiria ni yaleyale ya masijala. Anwani ya barua pepe ya Serikali ndiyo jalada: kilichopita humo kina tarehe, kina mwandishi, na kinabaki ofisini hata mwandishi akihamishwa au akifa. Kusimba ujumbe, yaani kuugeuza usisomeke ila kwa mwenye ufunguo, ndiyo lakiri. Ile VPN inayozungumzwa sana ndiyo bahasha ya nje: mtumishi akiwa hotelini Dodoma au nyumbani kwake Buhongwa, mawasiliano yake na seva ya ofisi yanapita ndani ya njia iliyofunikwa, na mwenye Wi-Fi ya hoteli anaona bahasha tu, haoni kilichomo. Uthibitisho wa hatua mbili, ambapo neno la siri peke yake halitoshi mpaka uweke na namba iliyotumwa kwenye simu yako, ndilo lile daftari la kusaini: kulijua jina la jalada hakukupi ruhusa ya kulichukua.

Sheria nazo hazikukosekana. Tangu mwaka 2009 upo Waraka wa Utumishi Na. 5 kuhusu matumizi bora, sahihi na salama ya vifaa na mifumo ya TEHAMA serikalini. Kabla yake ilikuwapo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, ambayo haijali kama kumbukumbu imeandikwa kwenye karatasi au kwenye mashine. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao kutoka kwenye Wakala uliokuwapo tangu 2012. Mamlaka hiyo inaendesha mfumo wa barua pepe wa Serikali, na imekuwa ikisisitiza mara kwa mara kwamba mawasiliano ya kiserikali yasipitie anwani binafsi. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa makaratasi, basi, tumejitosheleza.

Sasa twende steshenari.

Kutoka chuoni kwenda Stendi ya Nyegezi zipo steshenari nyingi, nyingine ni chumba cha mlango mmoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kudurufu na feni. Nimekuwa mteja wa moja kwa muda mrefu. Jioni moja nilikuwa nasubiri zamu yangu nikamsikia mwalimu, mama wa makamo aliyeshuka kwenye basi na begi lake bado mkononi, akimwambia kijana wa mashine: “Mwanangu, nijazie yale ya utendaji, leo ndiyo mwisho.” Kijana akamuuliza namba ya cheki. Akaitaja. Akamuuliza neno la siri. Akalitaja pia, kwa sauti, mbele ya watu sita. Kijana alikuwa mwepesi na mwenye adabu, na ndani ya robo saa alikuwa amemaliza. Akatozwa elfu mbili. Alipoondoka, kijana hakuufunga ukurasa ule. Aliushusha tu, akafungua wa mteja mwingine juu yake.

Wanaoujua mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS katika kupima utendaji, hawatashangazwa na kisa hiki. Mfumo wenyewe ni wazo jema: badala ya fomu iliyojazwa mara moja kwa mwaka na kusahaulika kabatini, mtumishi aingize kazi zake mwenyewe popote alipo. Lakini “popote alipo” ni neno zito. Mwalimu wa kisiwani ana simu ndogo ambayo ukurasa ule hauenei kwenye kioo chake, mtandao unaokuja na kuondoka, na tarehe ya mwisho ambayo haiondoki. Hakuna aliyempa kompyuta, wala bando, wala nusu siku ya mafunzo. Alipewa kiungo na tishio. Kwa hiyo alimtafuta mwenye kompyuta, akamkabidhi ufunguo. Na kwa ufunguo huohuo, katika akaunti ileile ya mtumishi, zinashughulikiwa likizo, uhamisho na mikopo.

Wataalamu wa usalama wakisikia habari hii hutikisa kichwa na kusema watumishi wanahitaji elimu. Mimi ni mwalimu, siwezi kuisema elimu vibaya, lakini hapa nawapinga. Mama yule anajua vizuri kwamba neno la siri ni siri. Jina lenyewe linasema. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajapata ule ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”, na wengi wetu tumejifunza kuucheka. Akili ya kushuku tunayo. Anayewapata watumishi kwa barua pepe ya kughushi anatumia hila ileile: anajifanya mtu wa TEHAMA, anasema sanduku lako limejaa, bofya hapa. Tofauti ni kwamba ujumbe wa hela unakuja mahali unapopajua, simu yako, na huo mwingine unakuja mahali ambapo umezoeshwa kuburuzwa: leo mfumo huu, kesho ule, kila mmoja na neno lake la siri, kila mmoja unakutaka haraka. Mtu aliyezoeshwa kutii kiungo chochote kinachotoka juu atatii na cha mwizi. Njia salama ikiwa ngumu kuliko njia ya hatari, watu watapita njia ya hatari, na si kwa ujinga.

Kwa wanaodhani haya ni madogo, Kenya ipo jirani. Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi waliohusishwa na China walikuwa wameingia kwa miaka kadhaa katika mifumo ya wizara na idara za Serikali ya Kenya, na walichokitafuta ni habari za madeni. Kwa mujibu wa taarifa hiyo mlango ulifunguliwa mwishoni mwa 2019, pale mfanyakazi mmoja wa Serikali alipopakua waraka uliotegwa. China ilikanusha. Lakini tuchukue hata hilo moja la namna mlango ulivyofunguliwa: mtu mmoja, waraka mmoja. Kila halmashauri yetu ina watu wa namna hiyo mamia, na kila siku wanafungua nyaraka kwenye kompyuta ambayo asubuhi ilitumika kuweka nyimbo kwenye fleshi ya kondakta.

Kuna hoja nyingine inayopendwa sana na wakubwa wetu, kwamba Gmail na Yahoo ni hatari kwa sababu seva zake ziko ughaibuni na siri za nchi zinalala kwa wageni. Ina ukweli wake, ila hainishtui kama inavyowashtua wao. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliripoti kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, zilikuwa zikihamishwa kila usiku kwenda Shanghai kutoka ndani ya jengo ambalo China ililijenga. Wachina walikana, na viongozi wa Umoja nao wakakana. Iwe ilikuwa kweli au la, seva kuwa ndani ya uzio wako hakukuhakikishii kitu. Kwa mwalimu niliyemwona, hatari haiko California. Iko mita mia mbili kutoka stendi.

Hata hivyo wizi wa siri si jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Kuna kubwa zaidi, nalo halizungumzwi kwenye semina za usalama wa mtandao kwa sababu linawagusa wanaofungua semina hizo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, ambaye sitamtaja yeye wala halmashauri yake, anahusika na ukusanyaji wa mapato. Siku moja kulikuwa na ugeni mzito, magari hayana mafuta, na fedha zilizokusanywa siku ile zilikuwa bado hazijapelekwa benki. Mkubwa wake alimtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp: toa humo, tutarekebisha kesho. Kila mtumishi wa serikali za mitaa anajua hilo linaitwaje. Ni matumizi ya fedha mbichi, na ni miongoni mwa dhambi ambazo wakaguzi huzitafuta kwanza. Akatoa. Kesho haikufika. Miezi ikapita, wakaguzi wakaja, hoja ikaandikwa, na jina lililokuwa kwenye hoja lilikuwa lake peke yake. Alikuja ofisini kwangu amekonda.

“Dokta, sauti yake niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe.”

“Iko wapi?”

“Ilijifuta.”

Tangu Novemba 2020 WhatsApp inamwezesha mtu kuweka ujumbe wake ujifute baada ya siku saba, na baadaye muda wa saa ishirini na nne ukaongezwa kwa wanaotaka haraka zaidi. Kwa wapenzi na marafiki, sina neno. Lakini tazama kilichotendeka hapa: dokezo la mkubwa kwa mdogo, lile ambalo baba yangu alilifunga jaladani kwa kamba, limegeuka sauti inayoyeyuka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa kielektroniki, na mahakama zetu zinaupokea; hata ujumbe wa WhatsApp waweza kuwa ushahidi, ili mradi uwepo. Mkubwa hakuvunja kufuli ya mtu. Alichagua tu kuzungumza mahali ambapo maneno hayaachi unyayo, na mdogo akaachwa amesimama juu ya unyayo wake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema barua pepe ya ofisi ni ngao ya mtumishi wa chini kabla haijawa kitu kingine. Tumeizoea kuifikiria kama sharti la kumdhibiti yeye: usitumie anwani binafsi, usifungue hiki, tutakuchukulia hatua. Tuitazame upande wa pili. Agizo lililoandikwa kwenye anwani ya Serikali haliwezi kukanwa kirahisi, halifutwi na aliyeliandika kwa kidole kimoja, na linamsubiri mkaguzi. Mwenye sababu ya kuiogopa zaidi ni mwenye mamlaka.

Na wanaharakati wanaonisoma walitafakari hili kwa upande wao. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na tumeilalamikia kwa haki, kwa vizuizi vilivyomo na kwa wanavyoitekeleza. Lakini hata siku itakapotekelezwa vyema, mwananchi ataomba taarifa gani, ikiwa uamuzi wa kuhamisha mnada wa samaki au kubomoa vibanda ulifanyika kwenye kundi la WhatsApp lenye watu kumi na wanne, wanne kati yao wamekwisha kuhama mkoa? Mtu haombi nakala ya kitu ambacho ofisi haikuwahi kuwa nacho.

Wenzetu wakubwa wamepita hapo kwa kishindo. Hillary Clinton, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kati ya 2009 na 2013, alitumia anwani binafsi iliyokuwa kwenye seva ya nyumbani kwake. Ilipofichuka Machi 2015 ikamfuata hadi siku ya kupigiwa kura. Wengi hapa nchini walidhani kosa lilikuwa siri za taifa. Hilo lilichunguzwa, na FBI ikapendekeza asishtakiwe. Lakini swali la msingi, ambalo nililipenda zaidi kama mwalimu wa utawala, lilikuwa la kimasijala: barua za waziri ni za nani, na nani ana haki ya kuamua zipi za kazi na zipi za kufutwa? Uingereza, Oktoba 2022, Suella Braverman alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani baada ya kumtumia mbunge mwenzake waraka wa Serikali kutoka kwenye anwani yake binafsi. Baada ya siku sita alirejeshwa na waziri mkuu mpya, jambo linaloonyesha kwamba hata huko kanuni zina wenyewe. Ila alijiuzulu. Hapa kwetu sijui kama kuna katibu kata aliyewahi kuulizwa, achilia mbali waziri.

Naona nimefika kwenye VPN, na hapa lazima niseme lililo gumu kidogo. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu na makampuni wanaotumia VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani zao za mtandao, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao wa X kudukuliwa na kutumika kueneza uongo na picha za aibu, mtandao huo ulifungwa nchini, na tangu hapo VPN kwa mwananchi wa kawaida imekuwa kama kisu mfukoni: ukikutwa nacho unaulizwa unakwenda kumchoma nani. Basi katika nchi hiyohiyo tunamwambia mtumishi wa umma kwamba bila VPN asifungue mfumo wa ofisi akiwa safarini. Ni chombo kimoja. Kwa huyu ni wajibu wa kikazi, kwa yule ni dalili ya uhalifu. Na mara nyingi huyu na yule ni mtu mmoja, saa tisa na nusu mchana ndiyo inayowatenganisha.

Sisemi kwamba Serikali haina haki ya kulinda anga lake la mtandao. Nasema kwamba huwezi kujenga mazoea ya usalama kwa watumishi laki kadhaa huku ukiifanya elimu ya usalama yenyewe ionekane uasi. Vijana wangu wa TEHAMA wananiambia kwamba wakiwafundisha wenzao ofisini namna ya kuunganisha VPN ya taasisi, swali la kwanza wanaloulizwa, kwa kunong'ona, ni kama si kosa la jinai. Tazama pia akaunti ile ya Polisi. Iliyofungwa ni X. Sijasikia mjadala wa wazi kuhusu akaunti yenyewe: nani alikuwa na neno lake la siri, na kwenye simu ya nani.

Njia ya mawasiliano nayo ni sehemu ya usalama, jambo ambalo wataalamu hulisahau kwa kuwa linaonekana la mafundi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Bahari haina hatia. Oktoba 2025 haikuwa bahari. Mfumo wa barua pepe wa Serikali waweza kuwa na lakiri bora kuliko zote duniani, lakini mganga mkuu wa wilaya aliyeko upande wa pili wa ziwa asipoweza kuufikia kwa siku tano, siku ya sita atakuwa amepata njia nyingine, na njia hiyo haitakuwa na lakiri. Anayezima intaneti anawafundisha watumishi wake mwenyewe kutoitegemea mifumo yake.

Nikiulizwa kifanyike nini, majibu yangu hayana mvuto wa semina. Mtumishi anayetakiwa kufanya kazi ya Serikali nje ya ofisi apewe chombo cha Serikali, au angalau kila kata iwe na kompyuta moja yenye mtandao, ofisini kwa mtendaji, si steshenari. Bando la kazi liingie kwenye bajeti kama inavyoingia shajara na wino wa mashine. Anwani ya go.tz ishuke hadi kwa mwalimu na muuguzi, na ifunguke kwenye simu ndogo. Mifumo ipunguze maneno ya siri, iongeze uthibitisho wa hatua mbili. Na maagizo ya fedha na ya nidhamu yasiyo na maandishi ya kiofisi yahesabiwe kuwa hayakutolewa, tena waraka wa kusema hivyo uanze kwa wakuu wa taasisi, kwa majina ya vyeo vyao.

La mwisho hilo ndilo gumu, na nina mashaka nalo. Mengine ni fedha, na fedha hupatikana.

Mwanafunzi wangu wa mapato alipewa onyo na kukatwa kwenye mshahara. Siku hizi ana utaratibu wake. Kila akipigiwa simu ya agizo, au akiletewa sauti inayojifuta, anakaa kwenye kompyuta ya ofisi na kuandika kwa anwani ya Serikali: “Rejea mazungumzo yetu ya leo saa nne asubuhi, ambapo uliniagiza yafuatayo. Naomba uthibitisho kwa maandishi kabla sijatekeleza.” Kwa wiki tatu hakujibiwa hata moja. Kisha likaja jibu, na alinionyesha baada ya kipindi, kwenye ukurasa aliouchapisha na kuutia kwenye jalada la kaki. Lilikuwa neno moja: “Nipigie.” Hakupiga. Aliandika tena kwamba anasubiri maelekezo, akataja tarehe ya barua pepe yake ya kwanza. Hadi ninapoandika haya bado anasubiri, na mafuta hayajatolewa.